Namna ya kuisaka hela ya serikali ya ulinzi wa kambi na forensiki ya nyuklia ukiwa zako Mbeya

Kila msimu wa bajeti ukifika, ule wa mwezi wa nne kwenda wa sita wizara zinapopanda moja moja pale Dodoma, kuna swali halikosi: hivi hela ya kulinda kambi za jeshi, maghala ya silaha na vitu vya mionzi, pamoja na ya forensiki ya nyuklia, yaani kupima mzigo wa mionzi uliokamatwa ili kujua umetoka wapi, inakaa wapi, na mtu wa huku kwetu mwenye kampuni yake ndogo ya kamera na fensi pale Mwanjelwa, au mwalimu wa fizikia pale MUST, chuo cha sayansi na teknolojia cha Mbeya, anaifikiaje? Wengi wanafungua kitabu cha bajeti, wanasachi neno "nyuklia", wanasachi "ulinzi wa kambi", hamna kitu, wanafunga laptop na kuhitimisha kwamba hela hakuna au inaliwa juu kwa juu. Hela ipo, ila imeandikwa kwa jina lingine. Fensi ya kambi inaweza kukaa ndani ya ukarabati wa miundombinu, na kazi ya kuchunguza urani iliyokamatwa mpakani ikakaa ndani ya kuimarisha uwezo wa upimaji au mafunzo ya wataalamu. Ukishaijua hiyo, kilichobaki ni kujua nani ameishika na mlango wake unafunguliwa lini.

Naanza na hela ya nyumbani, halafu ya Vienna yaliko makao ya IAEA, shirika la kimataifa la nguvu za atomiki, halafu ya Wamarekani. Hii ya mwisho ndo kubwa kuliko zote na ndo inayopapatikiwa kuliko zote, ila kwa mtu wa huku ndo ngumu kuliko zote, kwa hiyo usiruke hizi za mwanzo.

Kitabu cha bajeti

Mwaka wetu wa fedha unaanza tarehe 1 Julai unaisha 30 Juni, na Wizara ya Fedha inaweka vitabu vinne mtandaoni: cha kwanza mapato, cha pili matumizi ya kawaida ya wizara na idara, cha tatu mikoa na halmashauri, cha nne miradi ya maendeleo. Cha pili na cha nne ndo vyako. Ni PDF nzito, bando likiwa la kuungaunga pakua usiku, na usianze ukurasa wa kwanza utalala, nenda moja kwa moja kwa namba ya fungu, ile namba ambayo kila wizara au taasisi inapewa kwenye bajeti. JWTZ, yaani Ngome, ni Fungu 38. JKT ni 39. Wizara ya Ulinzi yenyewe ni 57. Polisi 28, Magereza 29, Uhamiaji 93. Hapo watu wengi wanaishia na ndo maana mionzi hawaioni, kwa sababu Tume ya Nguvu za Atomiki, TAEC, haipo ulinzi kabisa, iko chini ya Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, Fungu 46, maabara zake kubwa ziko Arusha, na ilianzishwa kwa Sheria ya Nguvu za Atomiki Namba 7 ya 2003. Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye vielelezo vya uhalifu vinapita kwake, yuko chini ya Afya, Fungu 52. Kwa hiyo kitu kimoja tu, tuseme kukamata na kuchunguza mzigo wa urani unaopitishwa kimagendo, hela yake imetawanyika mafungu kama manne hivi na usishangae kutoona hata moja limeandika "forensiki".

Chini ya fungu kuna kifungu, chini ya kifungu kuna kasma, yaani mstari wa matumizi wenyewe. Kwenye kitabu cha nne angalia safu ya fedha za ndani na safu ya fedha za nje, hapo ndo pana maana. Ukiona mradi wa maabara hela yake karibu yote ni ya nje, ujue ratiba yake haiendeshwi na Dodoma, inaendeshwa na mfadhili, na mfadhili akisuasua hata ukae mlango wa wizara kutwa nzima hutapata kitu. Ukiona ya ndani, basi angalia mwaka jana ilitoka kiasi gani kweli, maana kuidhinishwa na kutoka ni vitu viwili.

Fungu 38 usitegemee mchanganuo wa kina, na ni sawa tu, nchi gani itakuandikia idadi ya taa za kila ghala. Kinachosaidia ni hotuba ya Waziri wa Ulinzi anayosoma bungeni, kule anaeleza kwa maneno. Soma utekelezaji wa mwaka uliopita kabla ya kusoma maombi ya mwaka ujao, kwa sababu maombi ni matumaini, utekelezaji ndo hela yenyewe. Kwenye hizo hotuba kuna jambo linajirudia miaka na miaka na wauza kamera wanaliruka: upimaji wa maeneo ya jeshi, uthamini, na fidia kwa wananchi waliokutwa ndani ya mipaka. Huo ndo ulinzi wa kwanza wa kambi, kujua mpaka wako unaishia wapi, kabla ya fensi na kabla ya kamera. Mbagala tarehe 29 Aprili 2009 na Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011, mabomu yalipolipuka maghalani na kuua watu mitaani, ilitosha kuonyesha kwa nini makazi yasisogelee ghala. Kwa hiyo mpima ardhi na mthamini wa Mbeya au Iringa, aisee nyie mko mbele ya foleni kuliko mtu wa CCTV, ila wengi wenu hata hamjui kama mko kwenye foleni.

Kuna vitu viwili vingine vya kusoma. Ripoti za CAG, yaani mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, anamkabidhi Rais mwishoni mwa Machi halafu zinaenda bungeni mwezi wa nne, humo unakuta miradi iliyokwama, vifaa vilivyonunuliwa vikakaa kwenye boksi, na hiyo ni dalili nzuri ya wapi patahitajika kazi mwaka unaofuata. Na kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa Namba 6 ya 2016, raia unaandika barua kuomba taarifa na ofisi inatakiwa ijibu ndani ya siku 30. Ya usalama wa taifa hutapewa, usijisumbue, lakini mpango wa manunuzi wa taasisi ya kiraia unaruhusiwa kuuliza na uandike kwa adabu, barua fupi, kitu kimoja kwa barua moja.

Hapohapo niseme jambo la sheria. Usiende kupiga picha fensi ya kambi eti unaandaa pendekezo la kazi, na drone ndo kabisa usiirushe. Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 ipo na maeneo ya jeshi ni maeneo yanayolindwa. Kuna vijana wanadhani wakimpelekea afande picha za mahali ambapo ukuta umebomoka watapewa kazi ya kuujenga. Utapewa kazi ya kujieleza.

Mlango wa zabuni

Zabuni za serikali siku hizi zinapita NeST, mfumo ulioanza Julai 2023 ukachukua nafasi ya TANePS, na Sheria ya Ununuzi wa Umma Namba 10 ya 2023 ndo inayousimamia. Kujisajili unahitaji TIN, usajili wa BRELA, leseni ya biashara inayoendana na unachouza, na kama ni kazi ya ujenzi uwe umesajiliwa CRB, bodi ya makandarasi, kama ni kufunga umeme uwe na leseni ya EWURA ya daraja linalotosha kazi hiyo. Watu wanakwama kwenye kuchagua aina ya biashara. Umesajiliwa kama muuzaji wa vifaa vya umeme halafu zabuni imetangazwa kama huduma ya kufunga mifumo ya usalama, mfumo hautakuruhusu hata uwe fundi wa kiwango gani. Kwa hiyo fungua mipango ya manunuzi ya mwaka ya taasisi unazozilenga, mwezi wa saba na wa nane inakuwa imeshapandishwa, soma wao wanaitaje kitu chako, ndo urudi ukajisajili kwa hilo hilo.

Sheria hiyo inawabeba wazawa kweli, kazi za ujenzi zisizozidi shilingi bilioni 50 ni za kampuni za ndani, na kila taasisi inatakiwa kutenga asilimia 30 ya manunuzi kwa vikundi vya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Kikundi cha vijana mafundi fensi wa Uyole au Mafinga wanaweza kuingia hapo, waanzie kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri.

Ila kwa vitu nyeti vya jeshi usikae unasubiri tangazo, vina utaratibu wake. Na jeshi lina SUMAJKT, wana kampuni ya ujenzi na ya ulinzi pia, kwa hiyo sio kila ukuta utatangazwa. Ushauri wangu, na hapa najua kuna watakaobisha, ni kwamba kampuni changa isianze na kambi. Anza na miundombinu ya kiraia inayohitaji ulinzi wa namna ileile: viwanja vya ndege, vituo vya kupozea umeme, bomba la mafuta la TAZAMA lile la kilomita 1,710 kutoka Dar mpaka Ndola linalokatiza huku kwetu, maghala ya halmashauri, hospitali zenye mashine za mionzi. Ukishakuwa na barua mbili tatu za kukamilisha kazi, ndo jina lako linaanza kuingia kwenye orodha ambazo hazitangazwi.

Ulinzi unaandikwaje

Hapa ndo mapendekezo mengi ya kazi yanafia, maana mtu anaandika orodha ya vifaa na bei. Anayekupima anataka kuona mambo matatu yamefungamana: kubaini, kuchelewesha, kukabili. Mhalifu agundulike mapema, kizuizi kimcheleweshe, na walinzi wafike kabla hajamaliza alichojia. Ukiweka seng'enge na nyaya za wembe lakini hamna kinachobaini, fensi yako ni mbwa kiziwi, yupo pale lakini mwizi ana muda wote wa dunia. Kwa hiyo andika dakika. Kutoka kengele kulia mpaka walinzi kufika ni dakika ngapi, fensi na mlango na kufuli vinamchelewesha mtu mwenye mkasi wa chuma dakika ngapi, na kama dakika za kuchelewesha ni chache kuliko za kufika, pendekezo lako bado, rudi mezani.

Halafu andika mazingira ya huku, maana waliokaa Dar wakaandika mahitaji ya kiufundi hawaijui Nyanda za Juu. Chukua kamera ya usiku ya infraredi ya kawaida, ifunge Mporoto au Makete wakati wa ukungu. Ile taa yake inagonga vijitone vya ukungu inarudi kwenye lenzi, skrini inakuwa nyeupe tupu, na mlinzi yuko pale kwenye kibanda amejifunga blanketi anaangalia weupe usiku kucha. Suluhisho ni taa ya infraredi isimame mbali na kamera, au kamera ya joto kwenye sehemu chache muhimu, au usitegemee kamera kabisa uweke kihisi cha mtikisiko kwenye fensi yenyewe. Radi nayo. Mtu wa Rungwe hahitaji kuambiwa habari za radi, lakini fungua BOQ nyingi, zile orodha za vifaa na gharama za kazi, uone kama ethingi na vizuia radi vya kwenye laini ya data vimo. Havimo, na mvua ya kwanza ya masika inaondoka na kinasa picha pamoja na swichi zote. Weka hiyo kasma, eleza kwa sentensi mbili kwa nini ipo, na hapo umeshajitofautisha na mshindani aliyekopi BOQ ya Kigamboni. Weka pia hela ya kufyeka, mvua za huku nyasi zinameza fensi ndani ya msimu mmoja na kihisi kinaanza kupiga kelele kwa kila upepo mpaka walinzi wanakizima. Kihisi kikishazimwa ndo hamna ulinzi tena.

Mionzi ya huku kwetu na wapelelezi wake

Watu wa Tunduma wanaijua TAEC kwa cheti cha mionzi cha mazao, mchele wako ukivuka unapimwa. Lakini wao hao ndo wenye kusimamia vyanzo vya mionzi vyote nchini, na huku Nyanda za Juu vipo. Kwenye barabara zinazojengwa, wakandarasi wanatumia kile kipimo cha kupima mshindilio na unyevu wa udongo, kiboksi cha rangi kali chenye mshikio mrefu, ndani kina seziamu-137 na amerisiamu-241 iliyochanganywa na berilia. Ni chanzo kidogo, daraja la 4 kati ya matano ya shirika la IAEA, lakini seziamu-137 inachukua miaka kama 30 kupungua nusu, na kikiibiwa kikafika kwa mnunuzi wa vyuma chakavu ni balaa. Pale Goiânia, Brazil, mwaka 1987, chanzo kikubwa zaidi cha seziamu hiyohiyo kilichoachwa kwenye kliniki iliyohama kiliibiwa kikauzwa kama chuma chakavu, watu 4 wakafa na 249 wakakutwa na uchafuzi. Kwa hiyo chumba cha kuhifadhia, kufuli mbili, daftari la kutoka na kuingia, mlinzi, hivyo vyote ni kazi, na anayelipa ni mkandarasi au mwenye hospitali, sio bajeti ya ulinzi. Hela hiyo watu hawaihesabu kwa sababu wanatazama serikali tu.

Na Namtumbo pale Ruvuma, mradi wa urani wa Mto Mkuju, kiwanda cha majaribio kilizinduliwa Julai 2025. Nchi ikishaanza kutoa urani yake inahitaji kuijua kwa alama zake, ndo inapoingia forensiki ya nyuklia. Kila mwamba una mchanganyiko wake wa elementi adimu na uchafu mdogomdogo, na baadhi ya alama hizo zinabaki hata urani ikishasindikwa kuwa ule unga wa njano. Ukiwa na kumbukumbu za sampuli zako, siku mzigo ukikamatwa mahali unaweza kusema huu ni wetu au sio wetu. Umri nao unapimwa: urani-234 inageuka taratibu kuwa thoriamu-230, ukipima uwiano wao unajua ilisafishwa mara ya mwisho lini.

Mfano unaotumika sana darasani ni wa Ruse, mpaka wa Bulgaria na Romania, Mei 1999. Forodha walimtilia shaka dereva, wakapekua gari, ndani ya mashine ya kujazia upepo wakakuta mkebe wa madini ya risasi wenye kichupa cha urani iliyorutubishwa sana, gramu kama 10 hivi. Maabara ya Lawrence Livermore ya Marekani haikuishia kwenye urani, walichunguza nta ya njano iliyozunguka kichupa, karatasi, na risasi yenyewe ya mkebe. Ona alianza nani pale. Forodha. Kwa hiyo pendekezo la forensiki kutoka Mbeya linaloanza na kuomba spektromita ya masi ya mamilioni ya dola halina mashiko, wakati Tunduma na Kasumulu ziko hapo na kinachohitajika kwanza ni askari anayejua asiguse nini, avae nini, afungashe vipi, asaini wapi, ili kielelezo kikifika Arusha au nje ya nchi bado kinakubalika mahakamani. Hiyo ni kazi ya mafunzo, inagharimu kidogo, na wafadhili wanaielewa.

Hela ya Vienna

IAEA wana Mfuko wa Usalama wa Nyuklia toka 2002, unajazwa na michango ya hiari ya nchi. Huko wewe kama mtu binafsi huombi hela, unaingia kwa njia tatu. Ya kwanza ni ushirikiano wa kiufundi, huu unapita serikalini na kwa nchi yetu mlango ni TAEC, kwa hiyo wazo lako liandike kurasa mbili ulipeleke kwao mapema, maana miradi hupangwa kwa mizunguko ya miaka miwili na ukifika mzunguko umefungwa umekwisha.

Ya pili ni miradi ya utafiti ya pamoja, ambapo taasisi za nchi mbalimbali zinafanyia kazi mada moja, na wameshawahi kuwa nayo ya forensiki na ya ulinzi wa vyanzo vya mionzi. Kuna mkataba wa utafiti na kuna makubaliano ya utafiti, soma vizuri unaomba kipi, kwa sababu mkataba una hela na makubaliano hayana, na taasisi za nchi zinazoendelea kwa kawaida ndo zinalengwa na mikataba. Hela yake sio nyingi, ni ya kugharamia sampuli na safari na kijana mmoja wa utafiti, lakini inakupa jina na ndo faida yake. Anayesaini ni chuo, sio wewe, na saini ya chuo inachukua muda kuliko kuandika utafiti wenyewe, anza na ofisi ya utafiti kabla hujaanza na fizikia.

Ya tatu ni kwa akina dada: ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie wa IAEA, ulianza 2020, kwa wanawake wanaosoma shahada ya uzamili kwenye mambo ya nyuklia, usalama wa nyuklia ukiwemo. Wanatoa mpaka euro 10,000 za ada na mpaka euro 10,000 za kuishi kwa mwaka, kwa muda usiozidi miaka miwili, na baadaye kuna nafasi za mafunzo kazini. Dada uliyemaliza fizikia au kemia MUST, Mkwawa au UDOM, omba. Kaka usimtume dada yako akaombe halafu umwandikie wewe barua, wanaosoma zile barua wanajua.

Hela ya Wamarekani

Mwaka wao wa fedha unaanza 1 Oktoba. Wao pia hela hawaiiti jina unalolitafuta, ila wana tabia nzuri moja, wanaipa namba ya utambulisho na maelezo ya kurasa kadhaa hadharani. Kwenye bajeti ya utafiti ya wizara yao ya ulinzi sachi 0603161D8Z, huo ni mstari wa vifaa vya ulinzi wa maeneo ya silaha za nyuklia na za kawaida, na mwenzake 0604161D8Z. Zile herufi za mwisho ndo mwenye mali: D8Z ni ofisi ya waziri, BR ni DTRA, wakala wa kupunguza vitisho ulioanzishwa 1998, wako Fort Belvoir kule Virginia. Kwa hiyo 0601000BR ni utafiti wa msingi wa DTRA, 0602718BR ni utafiti tumizi wao wa kukabili silaha za maangamizi. Tarakimu mbili baada ya 06 zinakuambia hatua: 01 msingi, 02 tumizi, 03 teknolojia inayokaribia kutumika. Mwalimu wa chuo aangalie 01, mtu wa vifaa aangalie 03 kwenda juu.

Forensiki imehamishwahamishwa ofisi. Uratibu wake ulikuwa wizara yao ya usalama wa ndani, 2021 kukatoka maagizo ya rais yaliyoupeleka NNSA, wakala wa usalama wa nyuklia chini ya wizara yao ya nishati. Ukiwa na nyaraka za zamani unaandikia ofisi isiyokuwepo. Angalia tarehe ya kila tangazo kabla hujasoma maneno.

Sasa ukweli mchungu. Ule mpango wao wa kampuni ndogo, SBIR, ulioanza 1982, ni wa kampuni za Marekani zinazomilikiwa zaidi ya nusu na raia au wakazi wa kudumu wa kule. Kampuni ya Mwanjelwa haingii. Anayekuambia atakuingiza kwa konekisheni anataka nauli yako tu. Kinachowezekana ni utafiti wa msingi, ambapo baadhi ya matangazo yanaruhusu vyuo vya nje, na mara nyingi njia nyepesi ni kuwa mshirika mdogo chini ya chuo cha Marekani ambacho tayari kina ruzuku. Wewe unaleta nini? Usilete maabara, wanazo. Leta kile wasichonacho, yaani sampuli za udongo na maji za ukanda huu, ruhusa ya kuzichukua kisheria, lugha, na kufika mahali. Na hapo hakikisha TAEC na COSTECH, tume yetu ya sayansi na teknolojia, wanajua toka mwanzo, maana sampuli ya mionzi inayotoka nchini bila kibali inageuka kesi, na tena nyuklia!

Kwenye kuandika bajeti yao, kila namba iwe na sentensi inayoitetea. Gari la kukodi kutoka Mbeya mpaka Namtumbo, eleza ni safari ya siku mbili kwenda na kurudi na barabara fulani mvua ikinyesha ni ya foobai tu, wakubali. Posho usiandike posho, hawalielewi, andika gharama ya kulala na kula kwa viwango vinavyokubalika. Na usitie kitu chochote cha siri ya nchi kwenye pendekezo kwa kudhani kitakuongezea alama, ramani ya ghala au ratiba ya doria, hapo umejiharibia pande zote mbili.

Kuomba moja kwa moja unahitaji usajili wa SAM, mfumo wa serikali ya Marekani wa kusajili wanaotaka hela yake, ambao unakupa namba ya utambulisho ya UEI, namba hii ilichukua nafasi ya DUNS Aprili 2022, na kwa taasisi ya nje ya Marekani unahitaji kwanza namba ya NCAGE inayotolewa na wakala wa NATO. Jina na anwani ya chuo au kampuni viandikwe herufi kwa herufi sawasawa kote, ukiandika S.L.P. huku na P.O. Box kule unarudishwa na wiki zinakwenda. Yote ni bure. Baada ya kujisajili zitakuja imeili za kampuni zinadai dola mia kadhaa kukuhuishia, zina nembo inayofanana kabisa na ya serikali, futa. Usajili unaisha baada ya mwaka mmoja na unahuisha mwenyewe, anza miezi miwili kabla, na imeili unayosajilia iwe ya ofisi, sio ya yule kijana wa steshenari aliyekusaidia kujaza.